Kochi la Mama Mkwe

Tangu magoti yalipomgomea, mama mkwe wangu aliacha kunywa chai. Alidai imemchosha. Uongo mtupu. Ukinywa chai lazima uende msalani, na kuinuka kwenye kochi letu lililobonyea kulimtaka mwanawe amshike kwapani amnyanyue. Aliona aibu, akachagua kiu. Iliniuma, maana ni yeye aliyewanyamazisha mawifi zangu waliponicheka, eti bibi harusi gani huyu ananuka gundi ya mbao.

Kazi yangu ni kuunda fremu za makochi. Nikaja na futi kumpima mguu, kutoka goti hadi kisigino. Akausukuma mkono wangu.

"Mwanangu, seremala akionekana anampima mzee, majirani wataanza kuchanga. Sijafa bado."

Nikanuna, nami nikinuna hata msumeno huenda upogo. Wiki hiyohiyo akaomba aletwe karakana kunikagua. Akaketi juu ya rundo la mbao, akakosoa nilivyounga kona, akakosoa randa yangu, kisha akainuka zake kwenda kuchungulia kopo la gundi. Peke yake, wala mwenyewe hakugundua. Alipoondoka, nikalipima lile rundo.

Fremu nikaijenga kwa kimo hicho, nikaongeza kidogo kwa sababu sponji hudidimia. Mikono nikaitokeza mbele apate pa kushika. Ubao wa chini mbele nikauondoa, maana anayeinuka hurudisha miguu nyuma kwanza, nikaziimarisha kona badala yake. Fundi wa kitambaa alinung'unika kwamba kochi gani hili refu hivi. Nikamwambia ashone tu.

Lilipofika nyumbani, mama mkwe aliketi, akaishika mikono ya kochi, akarudisha miguu, akasimama. Akaketi. Akasimama tena. Mume wangu, aliyekuwa tayari kumdaka, akabaki na mikono hewani.

"Ulinipima lini wewe?"

"Ulipokuwa unanikosoa, mama."

Akacheka mpaka akashika ubavu. Akanishukuru, nami nikamjibu kuwa wema hauozi, tofauti na mbao zangu za mwanzo. Hakunibishia hilo la mbao.

"Sasa niletee chai," akasema. "Kikombe kikubwa."

Akakimaliza, akaomba kingine. Nilimimina machozi yakinitoka, nikishukuru kila funda lililoshuka kooni mwake.