Uzi wa Kijani

Kwa maelezo ya Mama Pacha, jirani muuza mkaa, mambo yalikwenda hivi. Jumanne asubuhi yule mwanamke wa ng'ambo anayeitwa Mwalimu alishuka kwenye gari mbele ya geti la gereza, mrefu, mwavuli mkononi, wala hakupangishwa foleni. Askari mzima na bunduki yake alimbebea kiti. Akaingia, akakaa humo ndani saa mbili nzima, na alipotoka alikuwa anajifuta macho.

"Sasa mtu anakaa saa mbili anaongea na ukuta?" Mama Pacha aliuliza, mikono yake ikiendelea kupanga mafungu ya mkaa. "Mimi sisemi kitu, mdogo wangu. Nasema nilichokiona."

Fundi, mshona nguo wa mtaa ule, alijichagulia fungu. Maneno ya Mama Pacha ilibidi uyapepete kwanza, hilo mtaa mzima ulilijua. Lakini mwenye wivu hana subira ya kupepeta. Saa mbili! Yeye, mke wa ndoa, alikuwa na miezi kumi na minne hajamwona mumewe hata kivuli.

Mumewe alikuwa mpiga chapa. Alichapa karatasi iliyouliza maswali ambayo wakubwa hawakupenda kuulizwa, na kesho yake akachukuliwa, wino haujamkauka vidoleni. Mahakamani hakupelekwa. Aliwekwa chumba cha peke yake, bila barua, bila mgeni, bila mtu wa kusema naye neno. Ndipo Mwalimu, huko kwao, aliposoma habari zake akaanza kuandika: kwa mawaziri, kwa mabalozi, kwa mkuu wa gereza. Wakamfuata mamia, wa nchi hii na ile. Walijua kuachiwa kwake kutachukua muda, kwa hiyo walidai kwanza atendewe kama binadamu. Apate dirisha, apate daktari, na kila siku apate walau saa moja ya kukaa na mtu mwingine.

Fundi alishukuru, ila kwa shingo upande. Siku moja aliletewa picha ya wanawake waliosimama mbele ya ubalozi kwenye baridi kali, wote wamevaa fulana zenye uso wa mume wake. Kifuani. Mmoja alikuwa ameweka mkono juu ya shavu lake kabisa, kama amelizaa yeye. Na uso wenyewe ulikuwa unacheka. Siku ile ya picha Fundi ndiye aliyekuwa amesimama nyuma ya mpiga picha, akimtania mumewe kuhusu tai yake. Kicheko kile kilikuwa chake, na sasa kilikuwa kinatembezwa barabarani na watu asiowajua.

Yeye alibakiwa na kitu kimoja tu, mfuko wa nguo. Kwa kuwa mumewe hakuwa amehukumiwa, aliruhusiwa kuvaa nguo zake, na kila Ijumaa Fundi alipeleka safi na kupokea chafu. Askari wa dirisha la kupokelea mizigo watu walimwita Daftari, kwa sababu aliandika kila kitu na hakusema lolote. Zile nguo chafu ndizo zilikuwa barua. Mkanda ukiongezwa tundu, Fundi alijua amekonda. Kiwiko kikichakaa, alijua analala upande ule. Alizisoma hivyo, pindo kwa pindo, na hakuna Mwalimu aliyeweza kumsomea.

Ijumaa hiyo, maneno ya Mama Pacha yakiwa bado ya moto, aliumwaga mfuko juu ya meza ya cherehani. Akalishika shati la mistari. Vifungo vingine vyote vilikuwa na uzi wake mweupe, mistari miwili iliyolala sambamba, kama alivyofundishwa. Cha tatu kutoka juu kilikuwa na uzi wa kijani kibichi, umekatizwa msalaba.

Alikigeuza ndani, akakigeuza nje. Mshono ulikuwa safi, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mumewe hakujua kushika sindano. Mashine ya chapa ilimla ncha za vidole viwili, hata kutunga uzi alishindwa. Kwa hiyo kulikuwa na mtu. Na Fundi alijua kifungo cha shati la mume hushonwaje asubuhi akiwa amechelewa kazini. Humvui shati. Unainama pale pale kifuani mpaka pumzi yako inamgonga shingoni, ukimaliza unakata uzi kwa meno. Alimwona Mwalimu ameinama hivyo, mwavuli umeegemezwa ukutani.

Akachukua wembe, akakikata. Akakishona upya kwa uzi mweupe, akaupiga fundo mara tatu kana kwamba anafunga mbuzi mkorofi, kisha akalala usingizi mzuri.

Jumapili ikapigwa hodi. Alikuwa Mwalimu mwenyewe, kumbe mtu wa makamo, viatu vimejaa vumbi, akiongea Kiswahili cha kujifunza, neno baada ya neno, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Fundi alimpa kigoda cha kufulia. Viti vilikuwepo.

Mgeni alikaa, magoti yakamfika kidevuni, akaeleza. Yeye hakuonana na mume wa Fundi. Zile saa mbili alizikaa kwenye korido ya ofisi ya mkuu wa gereza, na mwisho akaambiwa haiwezekani. Kilio chake kilikuwa cha hasira. Mkuu alimwambia neno moja tu: kwamba tangu wiki mbili zilizopita mahabusu yule anatolewa saa moja kila siku, anakaa na wenzake kwenye karakana wanakoshona sare.

"Walishanidanganya mara tatu," Mwalimu alisema. "Walisema ana dirisha. Hana."

Mwisho wa mwezi kulikuwa na mkutano wa nchi nyingi, na yeye alitakiwa kusimama aseme. Kama ni uongo na akanyamaza, mtu ataozea mle peke yake. Kama ni kweli na akawaita waongo, watakasirika waifute hata hiyo saa.

"Dada, wewe tu ndiye unashika kitu kinachotoka mle ndani. Hukuona chochote?"

Fundi alitazama vitambaa vilivyozagaa chini ya cherehani. Sare za wafungwa zilikuwa za kijani. Kila Ijumaa alizipita pale getini, fundi mzima, na macho yake.

Angeweza kusema hapana, mgeni akaenda zake. Alilionja neno hilo mdomoni, akaliona tamu.

"Kilikuwepo kifungo," alisema. "Kimeshonwa na mtu. Nimekikata."

"Kwa nini?"

"Nilidhani ni mkono wako."

Mwalimu alitazama mikono yake, upande huu na upande ule. Halafu akasema, polepole, kwamba yeye hajui kushona. Kwao anayeshona vifungo ni mume wake.

Fundi aliinuka akamletea kiti.

Walipiga magoti wote wawili wakapekua sakafu. Walipata vipande viwili vya uzi wa kijani, vifupi kama kope. Mwalimu akatikisa kichwa. Uzi uliookotwa kwa fundi cherehani, nani ataupokea kama ushahidi? Ungefaa tu kama ungetoka getini ukiwa bado kwenye shati.

Ijumaa iliyofuata Fundi alilipiga pasi shati la mistari, akachukua wembe. Uzi wake mwenyewe ulimpa kazi kuukata. Kifungo akakitia mfukoni mwa shati. Njia nzima alimwaza huyo mtu wa karakana, pengine jambazi mwenye madevu na vidole kama mihogo, ameinama kifuani kwa mume wake. Alimwonea wivu hata yeye, hasa ile pumzi.

Dirishani, Daftari alipapasa nguo moja moja. Mkono ukasimama penye pengo.

"Afande, usiandike kwamba ni bovu," Fundi alisema. "Kifungo kimo mfukoni. Naomba apewe yule yule aliyekishona, akishone tena. Kwa uzi ule ule."

Daftari aliingiza kidole mfukoni mwa shati, akakigusa kifungo, akakiacha palepale. Akaandika: shati moja. Kisha akamwita anayefuata.