Mahindi Nusu Uwanja

Kushindwa tulikuwa tumekuzoea. Mwaka jana timu yetu ya basketi, Magunzi ya Kitale, ilimaliza ligi ikiwa ya mwisho, na hakuna aliyetusumbua kwa maswali. Timu ikishindwa, kila mtu huwa na jibu lake tayari: wafupi, wavivu, wanajaza ugali tumboni kabla ya mechi. Shida ilianza mwaka huu, mwezi wa Oktoba, tulipoanza kushinda.

Mechi ya kwanza tulidhani wapinzani wamekula kitu kibaya. Ya pili tukasema refa amechanganyikiwa. Kufikia ya tisa mfululizo, waliochanganyikiwa tulikuwa sisi. Tulikuwa nambari mbili kwenye jedwali, nusu fainali inatungoja, na kati ya wachezaji kumi na wawili hapakuwa na hata mmoja aliyejua kilichobadilika.

Mimi ni Tonny. Kazi yangu ni kupandisha mpira na kugawa pasi, na nilipewa kwa sababu mimi ni mfupi na nina mdomo. Wekoye, jitu letu la katikati kutoka Myanga, alisema siri ni ndevu zake, ameacha kuzinyoa. Bethwel, ambaye kwao ni juu mlimani Elgon, alisema ni maombi ya mama yake. Nikamuuliza mwaka jana mama alikuwa akiombea timu gani. Hajanisalimia vizuri tangu siku hiyo.

Mwenye timu ni Mzee Kimaiyo, mkulima ambaye huzunguka shamba lake kwa gari, na tena hamalizi. Kinu cha unga kilicho ng'ambo ya barabara ni chake, uwanja ni wake, na sisi tunaokimbia uwanjani ni wake pia, kwa sababu anatulipa. Mwezi ukiwa mbaya, sehemu ya mshahara huja kwenye pakiti za kilo mbili.

Jumatatu ya wiki ya nusu fainali, Mzee alimwita kocha wetu ofisini. Kocha ni Chepkosgei, mama mrefu asiye na maneno mengi, na huu ndio mwaka wake wa kwanza nasi. Aliniambia twende wote kwa sababu mimi ndiye nahodha. Kwa hivyo niliyasikia kwa masikio yangu.

"Kocha, tunashinda kwa nini?" Mzee aliuliza.

"Vijana wanajitahidi, mzee."

"Hata mwaka jana walijitahidi. Wewe umefanya nini?"

Mtu mwingine angetunga kitu hapo hapo. Kocha aliangalia mikono yake. "Kusema ukweli, bado natafuta."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Kuna huyu kocha Ngari wa Nairobi. Ananipigia simu kila jioni. Yeye hunieleza kila kitu, hata vitu sijamuuliza. Sasa mimi najiuliza: mtu asiyejua kwa nini anashinda, siku ya kushindwa si pia hatajua? Niandikie ukurasa mmoja. Una hadi Ijumaa, wiki mbili baada ya hii. Nikiona ni bahati tu, tukiingia fainali nitampa Ngari timu."

"Sawa, mzee."

"Na kwa vile mmenifurahisha, nitawaondolea mahindi yangu mcheze vizuri."

Kwa hilo la mwisho nilitaka kumbusu. Hapa Kitale, Oktoba ikifika, penye saruji pana mahindi. Kituo cha petroli, ua wa kanisa, kando ya barabara, kote kumeanikwa. Uwanja wetu ndio saruji kubwa iliyo karibu na kinu, basi kila mwaka nusu yake hufunikwa maturubai ya mahindi ya Mzee, nao hubaki na goli moja na nafasi ya kugeukia. Mlinzi wa mahindi hayo ni Mama Nelima, mwenyeji wa Webuye, mwenye reki mkononi na sauti ya kengele ya shule. Amri yake ilikuwa moja. Mpira ukiingia kwenye mahindi, aliyeuacha uingie huvua viatu, hushika reki na kugeuza turubai zima juani, na wengine hukaa wakimwangalia. Kocha alikuwa amekubali amri hiyo bila kubishana. Mimi peke yangu niligeuza mahindi mengi mwezi huo kuliko baba yangu maishani mwake.

Jumanne mahindi yakaondoka. Tukafanya mazoezi uwanja mzima, tukitupiana pasi ndefu, tukicheka kama ndama waliofunguliwa zizi. Wakati huo wote mimi na kocha tulikuwa na karatasi yetu. Ati kwa sababu nilipata B ya Kiswahili, nimsaidie kuandika. Jioni nne tuliketi kwenye benchi na kichwa cha habari tu: Sababu za Ushindi. Chini yake, hewa.

"Andika nidhamu," nilimwambia.

"Wewe umechelewa mara tatu wiki hii."

"Basi andika nidhamu ya wengine."

Hakuandika.

Jumamosi tukaenda Bungoma kucheza na Nyundo, mechi ya kwanza kati ya tatu. Mwenye kushinda mbili ndiye huingia fainali. Basi la timu lilikuwa limekufa tangu Septemba, kwa hivyo tulisafiri na lori la kinu, na tuliposhuka tulikuwa weupe kwa unga kuanzia nyusi hadi soksi. Mashabiki wa Bungoma hawakuhitaji zaidi. "Hawa wamekuja kucheza ama kukaangwa?" mmoja aliuliza, na jukwaa zima likaitika kwa vicheko.

Tulikaangwa. Themanini na moja kwa hamsini na mbili. Mpira ulitutoka mikononi kama sabuni. Wekoye alikuwa akiuangalia ukidunda mara mbili kabla ya kukumbuka kwamba ni kazi yake kuudaka. Mimi nilirusha pasi moja ikamfikia muuza njugu. Wakati wa mapumziko kocha alituuliza kuna nini, kwa upole kabisa, nasi tukatazamana. Tulikuwa hatujui tunavyoshinda, na sasa tulikuwa hatujui tunavyoshindwa. Ndani ya lori, njia yote ya kurudi, Wekoye alikuwa akipapasa ndevu zake kana kwamba zimemsaliti.

"Mzee alisema hivyo," kocha aliniambia karibu na Kiminini. "Alisema siku ya kushindwa sitajua."

Nilikung'uta unga kwenye soksi hadi tukafika nyumbani.

Jumatatu, Mama Nelima alikuja kuchukua maturubai yake ya akiba yaliyobaki kwenye stoo ya uwanja. Sisi tulikuwa katika mazoezi. Bethwel alirusha, mpira ukagonga chuma, ukaanguka, ukabingirika taratibu hadi kwenye nyasi. Watu watano waliusindikiza kwa macho. Mama Nelima akasimama na turubai kichwani.

"Huyu mpila amekosa mwenyewe?" aliuliza. "Wakati wangu ungethubutu kuanguka hivyo?"

"Mayi, wakati wako tulikuwa wafungwa," nilimjibu, nikimwita mama kwa lugha yao.

"Mlikuwa mnaudaka, bana. Mlikuwa mnaruka kama paka. Huyu mrefu alikuwa anaudaka hata na meno."

Alienda zake. Mimi nilibaki nimesimama. Nilimwangalia Wekoye, nikaangalia pale mpira ulipopita, nikaona wapi mahindi yangekuwa. Mpira ule mwezi uliopita usingefika. Mtu angejitupa. Mwezi mzima tulijifunza kutouacha mpira uanguke upande ule na kutorusha pasi ndefu ya kubahatisha, kwa sababu mwisho wake ulikuwa ni reki na jua la saa nane. Tukaenda kwenye mechi na woga ule ule mwilini, na watu wakauita mchezo.

Nilimkimbilia kocha. Nilieleza haraka, huku nikionyesha kwa mikono. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaketi kwenye benchi.

"Ni kweli," alisema.

"Sasa si tuandike? Leta karatasi."

"Tonny, soma hiyo karatasi kama wewe ni Mzee. Tunashinda kwa sababu ya mahindi yako. Mahindi ni ya nani?"

"Yake."

"Uwanja?"

"Wake."

"Mimi ni wa nini?"

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi. Wiki nzima tulikuwa tukitafuta jibu, na jibu lenyewe lilikuwa limekuja kumfuta kazi aliyelitafuta. Nikamwambia tuandike nidhamu tu. Alikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Kwanza tucheze," alisema.

Mahindi ya Mzee yalikuwa yameshaingia kinuni. Bethwel alimpigia mama yake, na Jumanne jioni gunia sita zikashuka kutoka mlimani kwenye trekta la jirani, pamoja na onyo kwamba zinahesabiwa. Tukayaanika mahindi hayo upande ule ule. Mama Nelima alipita, akayaona. Alienda kuleta reki. Siku ya kwanza watu saba tulishika reki. Kufikia Ijumaa hakugeuza mtu. Jumamosi, pale pale nyumbani, tuliwapiga Nyundo kwa pointi kumi na nne, tukabaki na mechi moja ya kuamua.

Alhamisi iliyofuata, siku moja kabla ya karatasi kutakiwa, Mzee Kimaiyo alikuja uwanjani bila kutuambia. Alisimama akaangalia mahindi. Aliokota punje, akaiuma.

"Hii si yangu," alisema.

"Ni ya mama yake Bethwel," kocha alijibu.

"Niliwaondolea mahindi. Kwa nini mmeleta ya watu?"

Nilianza kumkonyeza kocha. Nilikonyeza hadi jicho likauma. Yeye hakunitazama. Alimweleza Mzee kila kitu, kuanzia amri ya Mama Nelima hadi kipigo cha Bungoma, bila kujiongezea hata neno. Alipomaliza akatoa ile karatasi mfukoni, kichwa cha habari juu, chini yake hakuna kitu, akampa.

"Kwa hivyo," Mzee alisema, "ni mahindi yangu yaliyowafundisha."

"Ndivyo inavyoonekana."

"Kwa hivyo kocha ni mimi."

Hakuna aliyecheka, hata mimi, na mimi hucheka matangani. Mzee aliiangalia karatasi, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. Kisha uso wake ukakunjamana.

"Lakini ngoja. Mimi naanika hapa mwaka wa sita huu. Mwaka jana mahindi yalikuwa hapa, na mlikuwa wa mwisho."

Tulitazamana wote. Kweli yalikuwapo. Tulikuwa tumeyasahau.

"Mwaka jana hatukufanyia mazoezi hapa wakati wa mavuno," nilisema. "Kocha wa zamani alitupeleka kwa kiwanja cha shule moja huko nje ya mji. Kila siku, kwa basi."

Mzee akamgeukia Chepkosgei. "Na wewe uliamua kubaki na mahindi."

Hapo angesema ndiyo. Neno moja, na kazi ingekuwa yake. Nilimwombea kimoyomoyo aliseme.

"Sikuamua, mzee. Basi lilikuwa limeharibika. Niliomba litengenezwe, ukasema tungoje."

"Kwa hivyo ni basi."

"Labda. Amri ya Mama Nelima ningeweza kuikataa. Niliikubali kwa sababu niliona ni haki, mahindi ni chakula. Sikujua itatufikisha wapi."

Mzee alitazama barabarani. Lori lilipita, likatokomea.

"Mwaka wa mavuno mazuri," alisema mwishowe, "watu wa kilimo huja kwangu kuuliza nimefanya nini. Huwa nawaambia ni mbegu. Mimi sijui kama ni mbegu." Akaikunja karatasi, akaitia kwenye koti. "Huyu Ngari jana ameniambia siri ni lishe. Hajawahi hata kufika Kitale. Mimi sing'oi mahindi yakiwa yamebeba. Endelea na kazi, kocha. Msimu huu na ujao."

Kocha alisema asante. Akageuka kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa.

Jumamosi huko Bungoma tulishinda kwa pointi moja. Sitadanganya kwamba tulicheza vizuri. Zikiwa zimebaki sekunde nne, mpira ulikuwa ukitoka nje kabisa, wa Nyundo, mchezo umekwisha, nikamwona Wekoye akiruka juu ya mstari, akaurudisha nyuma ya kichwa chake huku mwenyewe akiangukia mama mmoja na sahani yake ya viazi karai. Niliudaka, nikarusha nimefumba macho. Nilipoyafungua watu walikuwa wamenibeba. Tulikuwa fainalini, na Wekoye alikuwa akimwomba mama wa watu msamaha kwa Kibukusu.

Jumatatu tulifika mazoezini mapema, tukamkuta Mzee Kimaiyo ametutangulia. Malori matatu ya kinu yalikuwa yakiondoka. Mzee alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, uso umemkunjuka kama wa bwana harusi.

"Nusu ilitufikisha fainali," alituambia. "Sasa nimewawekea yote."

Tuliangalia. Uwanja mzima ulikuwa mahindi, kutoka mstari hadi mstari, hakuna saruji hata ya kuweka kisigino. Magoli mawili yalikuwa yamesimama katikati ya manjano kama miti iliyosahauliwa shambani. Bethwel alikuwa ameshika mpira kifuani kwa mikono yote miwili.

"Sasa tunasimama wapi?" alininong'oneza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza ya amani kwangu tangu habari ya mama yake.

Kocha Chepkosgei alimwangalia Mzee, akaangalia mahindi, akatuangalia sisi.

"Asante sana, mzee," alisema. Kisha akanigeukia. "Tonny, kimbia umwite Mama Nelima. Mwambie aje na reki kumi na mbili."