Ngitili ya Shangazi Kwandu

Ng'ombe alikuwa amelala chini tangu alfajiri na hakuweza kunyanyuka. Shangazi Kwandu alishika pembe, majirani wakapitisha mikono chini ya tumbo, Luhende akapewa mkia. Wakamwinua. Mnyama akasimama kama dawati la shule ya serikali, guu moja likiogopa kugusa ardhi.

"Huyu sasa wa kununuliwa magongo," Luhende alisema.

"Wa kupewa majani," Shangazi alisema. "Jumamosi nafungua."

Ng'ambo ya korongo kulikuwa na ngitili yake, nyasi kavu zikifika kiunoni. Aliifunga tangu mvua zilipoanza, asiingie ng'ombe wake wala wa jirani, ili kiangazi kikibana pawepo cha kula. Mwaka ule mbuzi wa Meatu walikuwa wanatafuna makatoni, lakini pale hakuna aliyegusa. Uzio haukuwepo. Uzio ulikuwa aibu, na midomo ya akina mama kisimani.

Mchana gari la wilaya likaja. Alishuka Januarius, afisa, mtu wa kuja ambaye Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu. Alikuwa na mgeni, mkulima Mzungu kutoka kusini mwa Afrika, aliyetaka kuijua nchi na watu wake kabla hajahamia na jamaa zake. Kiingereza cha Januarius kilitosha kukaribisha na kuaga. Hapo katikati alihitaji mtu. Akaonyeshwa Luhende, kidato cha nne, aliyekuwa anakaa tu tangu soko huria lifunge kiwanda cha pamba alichoahidiwa kazi.

"Ukinifaa, kijana, mgeni anatafuta msimamizi."

Walisimama pembeni mwa ngitili. Mgeni akauliza watu wa hapa wakoje.

"Wapole," Luhende alijibu kwa Kiingereza. "Ukimkanyaga Msukuma, anakuomba radhi kwa kuweka mguu chini ya kiatu chako."

Mgeni alicheka mpaka akavua kofia. Wanazaa sana?

"Wanazaa vibarua wa pamba. Pamba ikianguka bei, vibarua wanabaki wanataka ugali."

Wanapenda wageni?

"Kupita kiasi."

Kisha mgeni akazitazama zile nyasi na kuuliza jambo. Safari hii Luhende alimtazama Januarius kwanza.

"Anasemaje?" Januarius aliuliza.

"Anashangaa mbona humu hamna ng'ombe."

"Mwambie ni pori."

"Mzee, hii ni ya—"

"Ya nani? Nani ana hati hapa? Wewe unayo?" Januarius hakupandisha sauti. "Mjini Mwanhuzi kuna vijana Kiingereza kinawamwagika. Nikawafuate?"

Luhende akamgeukia mgeni. Angesema pori, akaishia hapo. Ila ulimi wake haukuzoea kutoka mikono mitupu.

"Pori tu. Watu wetu wavivu, wanangoja majani yawafuate nyumbani."

Mgeni akacheka tena.

Shangazi Kwandu akavuka korongo, akapiga goti kuwasalimu. "Mwadila." Akaendelea kwa Kisukuma, bila haraka. "Mwambie mgeni karibu. Asidhani majani haya yametupwa. Ni yangu, nimeyafunga, Jumamosi ng'ombe wanaingia. Akitaka mahali, aende kwa wazee watamwonyesha."

"Mama anasemaje?" Januarius aliuliza.

Wote watatu walikuwa wanamtazama yeye.

"Anasema karibuni."

"Maneno yote yale?"

"Kisukuma ni kirefu, mzee."

Akamfasiria na mgeni hivyo hivyo. Mgeni akaupokea mkono wa Shangazi kwa mikono yake miwili.

"Umemwambia?" Shangazi aliuliza.

"Nimemwambia."

"Yote?"

"Yote, shangazi."

"Kasemaje?"

"Amefurahi."

"Mtu mwenye adabu." Akampangusa Luhende vumbi begani. "Dume la baba yako halikuuzwa bure. Umesoma, umetufaa."

Ijumaa wakaja wapimaji wa kutoka mjini, na ramani yenye jina la mgeni. Luhende, ambaye sasa alikuwa na kofia ya kazi, alipofika aliwakuta wanakoroga saruji kando ya korongo. Aliyekuwa anawamiminia maji alikuwa Shangazi Kwandu, khanga imelowa begani.

"Mgeni yule ana moyo," alimwambia. "Ananiwekea mawe ya mpaka, watu wasinilishie. Kumbe ulimweleza vizuri. Visima vimekauka, nikaona niwaletee maji haya ya ng'ombe. Kesho watakula majani, watasahau kiu."

Mpimaji mmoja akamuuliza Luhende, "Mama huyu ni kibarua wenu?"

"Anajitolea," Luhende alisema, na wapimaji wakacheka.

"Wanacheka nini?" Shangazi aliuliza.

"Wanashukuru."

Alifunua mdomo kuongeza neno. Shangazi alikuwa ameshainama, jicho moja amelifumba, analipima jiwe.

"Limeegemea. Hebu lishike, mwanangu, kabla halijakauka. Lisije likang'olewa na mtu."

Luhende akapiga magoti. Akalikumbatia lile jiwe la mpaka, akalivuta kidogo huku, akalisukuma kidogo kule, mpaka Shangazi akaridhika kwamba limesimama.