Maharage ya Mapokezi

Hapana, shangazi yenu wala hakuyapanda yale maharage. Yaliota tu, pale pale anapoweka miguu, kwenye zulia, chini ya meza ya mapokezi. Shangazi yenu alisomea udongo chuo kikuu. Akianza kuuelezea ungedhani anamsifia mchumba. Akaajiriwa ofisi ya kilimo. Sasa yule mkurugenzi alikuwa na mtindo wake wa kupanga watu: warefu kabati za juu, wenye sauti mapokezi. Na shangazi yenu sauti anayo, tangu utotoni akilia mtaa mzima unaamka. Basi, mapokezi. Shambani akapelekwa mpwa wa mkurugenzi, mtu anayeogopa matope.

Jumatatu maharage yakachipua. Kufika Ijumaa yameshaizunguka simu. Wageni wakawa wanasogeza majani, wanauliza shida yao, wanapita. Ghorofani, kijana aliyesomea ufugaji wa samaki alikuwa anagonga mihuri. Huko maji yakafika kwenye vifundo vya miguu, perege wamo. Watu wakaanza kuja kazini na ndala.

Mkurugenzi akashuka, suruali kaikunja.

"Binti, ng'oa hayo."

"Yana maua, bosi. Yakikukera nipeleke shambani, yatanifuata."

"Shambani pamejaa."

"Pamejaa nini? Magugu?"

Mlinzi wa mlangoni akageukia ukutani, akakohoa. Kumbe anacheka.

"Ng'oa, au kazi huna."

"Kazi yangu ndiyo hiyo unayotaka niing'oe. Sing'oi."

Mkurugenzi akavuta mwenyewe. Zulia likaja, vigae vikaja, chini udongo mweusi mzuri, shina limetulia tu. Akamfukuza palepale. Shangazi yenu akasema haya, na kesho yake akaja saa ya kazi, akakaa, akapokea wageni. Mshahara ukakatwa. Maharage yakaweka maganda.

Mpwa mpaka leo yuko shambani, ndani ya gari, vioo juu. Huko hakijaota kitu.

Siku ya kuvuna nilikuwepo, sufuria nilibeba mimi. Kijana wa samaki akateremka na perege wake. Tukatandika mkeka palepale mapokezi. Harufu ikamshusha mkurugenzi.

"Hiyo ni mali ya serikali," akasema.

"Basi serikali inawe mikono," shangazi yenu akamjibu, huku anapakua.

Mkurugenzi akabaki amesimama, akatazama sahani. Mlinzi akasogea kidogo pale mkekani, akampisha. Mkurugenzi akavua viatu, akakaa, tukala.