Malkia Mgongoni mwa Mkubwa

Miaka ile hakuna duka Nairobi lililofunguliwa bila picha ya Mkubwa ukutani. Kinyozi alikuwa nayo. Mwenye bucha aliitundika juu ya nyama. Hata wanawake wa kusuka nywele kule Kenyatta Market walikuwa nayo, ukiketi kusukwa unamwona anakutazama utosi. Sisi ndio tuliozitia fremu.

Nasema sisi, lakini duka lilikuwa la Harbans Singh, Kalasinga mpole mwenye ndevu nyeupe, kwenye barabara inayoshuka kutoka mjini kwenda mtoni. Mume wangu Jamleck alikuwa fundi wake wa mbao na vioo tangu enzi za mzee Ajit, babake Harbans. Mimi nilipangusa vioo na kuchemsha chai. Asubuhi tulitoka Kangemi pamoja, jioni tukarudi pamoja.

Sasa, picha haikai kwenye fremu peke yake. Inataka kadi ngumu nyuma isijikunje. Mzee Ajit hakupenda kununua kitu alichokuwa nacho tayari. Wakati wa Wazungu ofisi zilimletea picha ya Mfalme, akaitia fremu. Mfalme akafa, wakaja na Malkia. Mzee Ajit hakumtoa Mfalme; karatasi yake ilikuwa nzito, safi, anunue kadi ya nini? Akamlaza Malkia juu yake. Uhuru ulipokuja akaletwa Mkubwa wa kwanza, naye akalazwa juu ya Malkia. Alipofariki akaletwa wa pili. Huyo wa pili ni Jamleck aliyemlaza, kama alivyofundishwa, ofisi baada ya ofisi, na hakuna aliyewahi kuuliza. Mwenye ofisi alitaka uso tu. Nyuma yalikuwa mambo ya fundi.

Mwaka wa themanini na sita watu wakaanza kuchukuliwa. Ilisemekana kuna karatasi zinazosambazwa, kuna watu wanaokula kiapo. Jirani yetu mwalimu Gerishon alitoka kununua maziwa asirudi, na mkewe akawa anatuambia ameenda matanga huko kwao. Tuliitikia, tukampa pole ya matanga. Kwenye basi watu walitazama nje.

Basi habari ikatufikia kwamba katika ofisi ya chifu mmoja, mama wa kufagia aliangusha fremu akiipangusa vumbi. Kioo kikavunjika, mgongo ukafunguka, na mbele ya watu waliopanga foleni ya vitambulisho wakamwagika sakafuni wote: Mkubwa, marehemu, Malkia, Mfalme. Mtu mmoja kwenye foleni akacheka, akasema kumbe hawa wote bado wako kazini. Nafikiri bila kicheko kile jambo lingeisha kwa ufagio.

Siku hiyo Pritam, mkewe Harbans, alikuja dukani asubuhi mapema na hakuvua hata shali. Aliongea na mumewe kwa Kipunjabi muda mrefu, sauti chini. Sikijui Kipunjabi, lakini jina la Jamleck halina tafsiri, na nililisikia zaidi ya mara moja. Harbans alikuwa akitikisa kichwa. Nikaendelea kupangusa kioo ambacho kilikuwa kimeshatakata.

Mtu wa serikali alikuja baada ya chakula cha mchana, viatu vinang'aa, gari limeachwa likinguruma mlangoni. Alisema anaitwa Zadock, na hakusema la zaidi. Akaketi kwenye stuli chini ya picha ya Mkubwa ya duka letu, akaomba chai, nikampa. Alikunywa polepole kama mgeni aliyealikwa.

"Chai yako nzuri, mama," aliniambia. "Hapa kila kitu kizuri. Hata fremu zenu nzito, nasikia zina watu wengi."

Harbans akamweleza habari za kadi na babake. Alieleza vizuri, kwa heshima. Zadock akasikiliza mpaka mwisho, akauliza mtu anayemweka malkia mgongoni mwa rais anamngojea nini. Arudi?

Kisha akanyoosha kidole juu bila kutazama. "Na huyu wa hapa, nyuma yake yuko nani? Mshusheni tuone."

Hakuna aliyesogea. Kumshusha ndilo kosa lenyewe. Ogutu mwenye hoteli ya jirani alimshusha ili apake ukuta rangi, akalala ndani, na alipotoka hakupaka tena ukuta wowote. Kule nyuma ya duka chombo cha Jamleck kilikuwa kikikwaruza kioo. Zadock akageuza sikio.

"Nani huyo?"

"Fundi," Harbans akasema.

"Aje apande yeye."

Jamleck akaja na koleo mkononi, akavuta benchi, akaweka mguu mmoja juu. Harbans akamshika mkono.

"Shuka, Jamleck. Hii mimi ndiye nilitundika."

Akapanda yeye, mzee na magoti yake mabovu, akaiteremsha picha, akaishika kifuani. Zadock akaweka kikombe chini. "Umeona, mama? Ameishusha mwenyewe." Hata hakuifungua. Alimchukua na picha yake, wakaingia garini, na ukutani pakabaki mraba mweupe ambao hakuna mteja aliyekubali kuutazama.

Nilimsihi Jamleck twende kwao Othaya. Kila jioni nilimsihi, kila asubuhi akafungua duka. Alisema akikimbia watasema ni yeye, na tena mzee atabaki kujibu peke yake. Pritam alikuja akaketi kwenye kona. Gari likipunguza mwendo nje, sote watatu tuliacha tulichokuwa tukifanya.

Harbans alirudi kwa miguu, mchana, jua kali. Hakuwa na kilemba. Nywele zake, ambazo sikuwahi kuziona maisha yangu yote, zilikuwa ndefu na nyeupe kama za bibi, zimefungwa kwa kitambaa cha gunia. Alikanyaga chini kama mtu anayetembea juu ya makaa. Pritam akainuka, akaketi tena.

"Jamleck," akasema, "mimi nimewaambia."

"Umewaambia nini, mzee?"

"Walitaka mkono iliyofunga hizo picha. Nikasema ni mimi. Wakauliza tena, nikasema ni mimi. Wakauliza tena." Alitazama miguu yake. "Nikasema ni Jamleck."

Jamleck akaweka chini kioo alichokuwa akikata.

"Wakauliza, Jamleck nani? Mtoto ya nani, anakaa wapi? Karatasi ya kushtaki inataka yote. Hapo ndipo walinipiga sana, walifikiri naficha. Mimi sijui. Miaka yote hii, sijui."

Na ilikuwa kweli. Mzee Ajit alimwandika kazi akiwa Jamleck, mshahara akapewa mkononi, Jamleck, haya, chukua. Kina Harbans walijua anapenda chai ya tangawizi. Walijua mgongo unamsumbua wakati wa mvua. Jina la babake hakuna aliyewahi kulihitaji. Nilitaka kukasirika na sikujua nianzie wapi.

Mume wangu akajipangusa mikono kwa aproni. Ni mtu wa adabu. Alisimama wima kama mtu anayejijulisha kanisani.

"Mzee," akaanza, "mimi naitwa—"

"Usiniambie." Harbans aliinua mkono, vidole vimevimba. "Kesho asubuhi narudi kwao. Walisema nikumbuke. Jamleck, tafadhali, usiniambie sasa."

Jamleck akafunga mdomo. Nikamvua aproni, nikamvisha koti, tukatokea mlango wa nyuma upande wa mtoni. Pritam alikuwa ameanza kumuuliza mumewe kitu kwa Kipunjabi. Kituo cha basi la Kangemi hatukwenda.