Hatua Mia Mbili kwa Mwaka

Jumamosi alasiri, katika darasa la watu wazima pale Kyimo, Mwalimu Jotham aliwaambia wanafunzi wake wachore grafu ya jambo lolote la nyumbani. Felista akachagua maji. Tangu wenye shamba kubwa la parachichi wachimbe mabwawa kule juu, chemchemi ya kijiji ilikuwa ikihama kushuka bondeni, na kila Juni yeye huhesabu hatua kutoka mlangoni kwake. Mwaka 2019 zilikuwa mia moja. Sasa zimefika elfu moja na mia tatu.

Akaweka rula, akapiga mstari. Mstari ukafika ukingo wa karatasi ukaendelea, ukavuka meza, ukatokea dirishani na kupanda juu ya migomba kuelekea Mlima Rungwe.

"Ni kawaida, mstari hauishii kwenye karatasi," alisema mwalimu. "Mteremko wake ni ngapi?"

"Hapo ndipo huwa napotea, mwalimu."

"Basi pita juu yake. Miguu itakuambia."

Felista akavua kandambili, akapanda. Mstari ulikuwa wa baridi kidogo, unanukia penseli. Kila alipovuka mwaka mmoja, alijikuta amepanda hatua mia mbili. Ukungu ulikuwa mwingi. Kwenye 2040 alimkuta binti yake, Hellen, ambaye asubuhi ile alimwacha nyumbani akiwa na miaka tisa. Sasa alikuwa mtu mzima, ana mtoto mgongoni na ndoo kichwani.

"Shikamoo mama. Umefuata nini huku?"

"Marahaba. Nimefuata mteremko. Huku kwenu mnaongeza hatua ngapi?"

"Mia mbili kila mwaka. Haijawahi kubadilika."

Felista akaelewa. Popote utakaposimama kwenye mstari ule, ni mia mbili ileile. Alitaka kumpokea ndoo, lakini Hellen alikuwa na haraka. Maji yalikuwa bado mbali. Wakaagana.

Aliporudi darasani, mwalimu alimpa vema.

Jumatatu Felista akaipeleka grafu kwa mtendaji wa kijiji, Obed. Mstari ulimfuata hadi ofisini. Obed akaupapasa kwa kidole.

"Umenyooka kweli. Ndaga fijo, mama," akamshukuru. Akaibandika ile karatasi ukutani, akasema wenye shamba wataandikiwa barua. Barua ikaandikwa. Mabwawa yakaendelea kujaa. Wanawake wa jirani wakazoea kuanika kanga kwenye mstari pale unapopita chini.

Juni iliyofuata Felista alihesabu tena: elfu moja na mia tano. Siku hiyo Hellen alikwenda naye, na ndoo yake ndogo ya lita kumi.

"Mama, mwakani zitakuwa ngapi?" aliuliza njiani.

"Elfu moja na mia saba," Felista alijibu, wala hakuhitaji karatasi.