Ukweli Mbele ya Jeneza

Nikodemo alifika msibani saa nne asubuhi, mama yake keshavalishwa na kulazwa kwenye jeneza sebuleni, na kabla hata hajapokea pole za watu alitaka kujua mtandao unashika wapi. Dada yake Efrazia akamwonyesha kwa kidole, pale kwenye kona ya uwanja karibu na barabara. Akaenda akasimama huko na simu juu. Miaka sita hajakanyaga Rangwi, jamani! Miaka sita mama yake anageuzwa kitandani na mtu mmoja, na mtu huyo ni Efrazia, halafu bwana mkubwa anashuka kwenye gari na miwani ya jua, mlimani kwenye ukungu ambamo hata jirani humwoni.

Lakini ndiye mtoto wa kiume pekee, na watu wa mjini walishamfanya mtu mkubwa. Alikuwa na video zake mtandaoni zinazoitwa Kuwa Halisi. Alikaa mbele ya ukuta mweupe akawaambia watu waache kuigiza, waseme yaliyomo moyoni, atakayeumia aumie. Mwaka juzi alimwambia mkewe, kamera inawaka, kwamba hajawahi kumpenda hata siku moja. Watu maelfu kwa maelfu wakampongeza kwa ujasiri. Mke akafungasha, akaondoka na watoto watatu, naye akatengeneza video nyingine kuhusu kuondokewa.

Efrazia aliziangalia hizo video kidogo, akaacha. Alikuwa na mambo yake. Ana miaka arobaini na sita, na kwa mara ya kwanza maishani kuna mtu aliyempelekea posa. Yohane, seremala wa Soni, aliyefiwa na mkewe, mtu wa maneno machache na mikono mizito. Barua ililetwa na mshenga mwezi wa nane, ikapokelewa na mjomba Yonathani, na ndoa ilipangwa baada ya Pasaka. Hilo jeneza lililokuwa sebuleni alilitengeneza Yohane mwenyewe kwa mbao za mgrivelia, akalipiga msasa mpaka likateleza. Efrazia alipolipapasa asubuhi ile alilia, na si kwa ajili ya mama tu. Alikuwa anajisikia ana mtu.

Shida ilikuwa moja. Mshenga alipouliza, kama ilivyo desturi, binti aliwahi kuzaa au la, mama yao Vumilia ndiye aliyejibu toka kitandani: hajawahi. Akasema hivyo mbele ya wazee wa Yohane, macho makavu. Na Efrazia alikuwa amezaa. Miaka ishirini na saba iliyopita, akiwa na miaka kumi na tisa, mama alimpeleka kwa shangazi Muheza tumbo lisionekane na watu, mtoto akazaliwa huko, wa kike, akachukuliwa na watu wasiokuwa na mtoto, na Efrazia akarudishwa mlimani kuchimba viazi siku ya kumi na mbili. Vumilia alimkataza kulia. Waliojua habari hiyo hapa nyumbani ni mama, mjomba, na Nikodemo aliyekuwa na miaka kumi na tano na masikio marefu.

Efrazia alikuwa amekwisha kuamua. Arobaini ya mama ikipita, atamwita Yohane, atamkalisha, atamwambia kwa mdomo wake. Maneno alishayapanga. Alikuwa akiyasema peke yake akifua mashuka.

Sasa, kwetu wasifu wa marehemu husomwa na mtoto wake, kabla jeneza halijatoka uani. Mjomba Yonathani alikuwa ameuandika vizuri, kurasa mbili, akampa Nikodemo. Efrazia akamvuta mdogo wake mpaka nyuma ya jiko, kwenye masufuria ya maharage.

"Niko, soma kilichoandikwa tu. Usiongeze."

Nikodemo alipitisha macho, akacheka puani. "Alikuwa mpole na mwenye upendo kwa wote. Dada, huyu ni nani? Huyu si mama."

"Ni maneno ya msibani. Hayamdhuru mtu."

"Yananidhuru mimi."

"Yohane yupo hapa na wazee wake. Yale ya Muheza hayajui. Nitamwambia mwenyewe, nimeshapanga. Nakuomba, Niko. Unataka nipige magoti?"

Akamshika mabega, akamtazama kwa yale macho yake ya kwenye video. "Dada, siri imekula maisha yako. Nakuahidi nitafanya lililo sahihi."

Na Efrazia, maskini, siku tatu hajalala, akalichukua neno hilo akalifanya kiapo. Mtu anayekupenda akikwambia atafanya lililo sahihi, unadhani mnazungumzia jambo moja. Alishukuru kabisa! Akamfuta na vumbi begani.

Watu walijaa turubai mbili na wengine walisimama mpaka kwenye migomba. Jeneza likatolewa, likawekwa mezani. Nikodemo alisimamisha simu yake kwenye kile kistendi chenye miguu mitatu, akaipangusa, akaitazama kidogo ili ajue iko laivu. Kisha akaanza kusoma. Kuzaliwa, ubatizo, ndoa, kilimo cha kabichi, kuuza mboga Soni, kuugua. Akasoma vizuri, sauti nzito, na wamama wakaanza kujifuta macho. Efrazia akaanza kupumua.

"Marehemu ameacha watoto wawili na wajukuu watatu," akasoma. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni.

"Ndugu zangu, hii si kweli. Wajukuu ni wanne."

Mjomba Yonathani akainuka. "Soma karatasi, we mtoto!"

"Nimechoka na karatasi, mjomba. Mama yangu alikuwa mkatili. Alinichapa kwa waya wa baiskeli mpaka nikakojoa damu, na mlisikia nikilia, na hamkuja. Leo mnamwita mpole. Na dada yangu Efrazia, yule pale, alizaa Muheza, na mama akamgawa mtoto wake kama mtu anavyogawa kifaranga, akamfungia mdomo miaka ishirini na saba. Dada, leo nakufungulia. Inuka. Huna haja ya kujificha tena."

Akanyoosha mkono kumwonyesha. Na watu, utawalaumuje, wakageuka wote.

Efrazia hakuinuka. Alitazama kanga yake, akaona imeingia mchuzi wa maharage kwenye pindo, akaanza kuukwangua kwa ukucha. Alisikia mwanamke mmoja nyuma akisema "Kumbe!" na mwingine akimnyamazisha. Aliona aibu mpaka masikio yakaziba. Kwenye viti vya mbele wazee watatu wa Yohane walikuwa wanatazamana, na mkubwa wao akavaa kofia yake, ambayo alikuwa ameivua kwa heshima ya maiti.

Katekista aliokoa jahazi kwa kuanzisha wimbo. Maiti ni maiti, lazima izikwe. Wakambeba Vumilia mpaka kwenye shamba la juu, wakamshusha, na Yohane alishika sepetu mwanzo hadi mwisho, hakumpokeza mtu. Alisawazisha udongo kwa kipimo, akang'oa na mizizi iliyochomoza pembeni. Efrazia alipoitwa kuweka shada alipita karibu yake, karibu kabisa, akasikia jasho lake. Yohane hakugeuka.

Watu waliporudi kunawa mikono bombani, Yohane alimsubiri hapo. Wazee wake walikuwa wameshaingia garini.

"Yohane," akasema Efrazia, "nilikuwa nataka kukwambia. Baada ya arobaini."

"Najua."

"Nakuapia Mungu."

"Efrazia, najua. Nilijua kabla sijaleta posa. Nilikwenda kufunga milango kwa mtu Muheza, wakanieleza. Hata huyo binti nilimwona. Anafanana na wewe sana, mashavu haya haya." Akajigusa shavuni, akaona mkono una udongo, akaurudisha chini ya maji. "Nikasema, akipenda ataniambia. Asipopenda, basi. Halikunisumbua hata kidogo."

Moyo wa Efrazia uliruka. Wallahi uliruka! Akasogea hatua moja. "Sasa basi tatizo liko wapi?"

"Wazee wangu waliambiwa hujazaa. Wameambiwa na mama yako, wakatamka mbele ya ukoo. Leo wamesikia vingine mbele ya watu mia nne, na kwenye simu za watu sijui wangapi. Nikikuoa, kila nitakapopita Soni nitakuwa yule aliyedanganywa." Akafunga bomba. "Ningeweza kuishi na hilo jambo nikiwa nalijua mimi na wewe. Soni nzima siiwezi. Mimi ni fundi tu, Efrazia. Siko jasiri."

"Unaniacha kwa sababu ya watu?"

"Ndiyo," akasema Yohane. "Kwa sababu ya watu."

Akampa mkono, umelowa, akasema pole kwa msiba, kama wanavyosema wageni wote, akaenda garini.

Kesho yake mchana Nikodemo alimkuta dada yake kibarazani, anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa na furaha ya kweli, uso unang'aa. Video ilikuwa imetazamwa na watu laki mbili. Wanawake walikuwa wanaandika kutoka Mwanza, kutoka Mombasa, wakisema wamelia, wakisema Efrazia ni shujaa. Alimsomea baadhi. Hakuuliza Yohane yuko wapi. Alipoambiwa na mjomba kwamba posa imevunjika, alisema mwanaume anayeukimbia ukweli hakuwa mwanaume, na Efrazia atakuja kumshukuru.

"Wanataka kukusikia wewe," akamwambia. "Dakika mbili tu. Twende pale kwenye kona. Sema chochote, mradi kitoke moyoni."

Efrazia aliweka ungo chini. Akamfuata. Alikaa kwenye kiti cha plastiki alichowekewa, Nikodemo akakaa kando yake, akamshika mkono, akaiambia simu kwamba leo wamebahatika kuwa na dada yake, mwanamke aliyewekwa huru.

"Dada, tuambie. Kitu gani ulikuwa umekibeba siku zote hizi?"

"Kuna kimoja kimebaki," akasema Efrazia. "Kinakuhusu wewe."

"Kiseme. Usiogope."

"Jumanne iliyopita, siku moja kabla mama hajakata roho, ulipigiwa simu mara tatu kwa namba yangu. Ulikata zote."

"Nilikuwa narekodi," akasema Nikodemo, bado anatabasamu.

"Sikuwa mimi. Alikuwa mama. Kauli ilimrudia alfajiri, akaniomba simu, nikamshikia sikioni. Alisema anataka kumwomba mwanawe msamaha. Ule waya wa baiskeli, aliutaja. Alisema alikuwa anakupiga kwa sababu ulifanana na baba, na kwamba kila alipokupiga alikwenda kulia bandani. Ukakata. Tukapiga tena, ukakata. Mara ya tatu akaniambia, basi, muache, hanitaki, na ana haki. Akageukia ukutani. Hakusema tena neno mpaka anakufa."

Nikodemo akauachia mkono wake. Aliitazama ile simu kwenye kistendi, ambako watu walikuwa wanaendelea kuandika maneno yao, kisha akaanza kutoa sauti ambayo Efrazia hakuwa ameisikia tangu huyu mdogo wake akiwa na miaka tisa. Alilia makamasi yakimtoka, mbele ya wote waliokuwa wanamtazama, na hakukumbuka kuizima.

Efrazia akainuka, akarudi kwenye maharage yake. Mama yao hakuwa na kauli tangu Jumapili. Jumanne alikuwa anakoroma tu, na zile simu tatu Efrazia alizipiga mwenyewe, kumwambia aje haraka. Katika miaka yote ile ya kitandani Vumilia hakumtaja Nikodemo hata mara moja kwa wema, na la waya hakulijutia.

Baadaye kidogo Nikodemo alimfuata, amevimba macho, akasimama mbele yake amejishika tumbo.

"Dada. Ni kweli alisema hivyo? Niambie ukweli."

"Ukweli mtupu," akasema Efrazia. "Hebu sogea huko, unanizibia mwanga, sioni mawe."